Tupimeni Masikio Hapa Hapa Mulanda

Waulize wazee wa Mulanda, wilayani Tororo nchini Uganda, presha yao ikoje, wengi watakutajia namba mbili papo hapo. Mwenye kisukari atakutajia kipimo chake cha mwisho. Mama anajua kilo za mtoto wake siku aliyozaliwa, na kila aliyewahi kulazwa na homa anakumbuka kama kipimo cha malaria kilitoka mstari mmoja au miwili. Sasa muulize yeyote kati yao masikio yake yanasikia kiasi gani. Atakutazama tu. Hajawahi kuambiwa kwamba masikio nayo yana namba.

Yana namba, na zangu ninazo kwenye karatasi. Sikio la kulia ni desibeli 48, la kushoto 56. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani, sikio linalosikia mlio ulio chini ya desibeli 20 ni zima. Kuanzia 35 mpaka karibu 50 upungufu ni wa wastani, na kutoka 50 mpaka karibu 65 upungufu umezidi wastani. Kwa hiyo sikio langu moja liko daraja moja na jingine limeshavuka. Nazitaja namba hizi hadharani kwa sababu nimegundua watu wengi wa huku kwetu West Budama hawaendi kupimwa, na woga wao ni wa kutojua watafanywa nini huko. Wengine wanadhani watapasuliwa. Nitaeleza nilivyofanyiwa, kisha niseme ninalolitaka: kipimo hiki na matunzo yanayokifuata vishushwe mpaka kituo chetu cha afya, vikae hapo mwaka mzima.

Mimi ni msagaji. Nilifanya kazi kiwandani upande wa Kenya nikiwa kijana, nikarudi nyumbani na akiba yangu, nikanunua mashine ya kusaga ya dizeli. Nimewasagia watu mahindi, mtama, ulezi na mihogo tangu kabla wateja wangu wa sasa hawajaolewa. Mashine ya namna hii inapita desibeli 90 kwa urahisi, na msagaji anasimama nayo hatua moja, mkono kwenye mdomo wa kumiminia nafaka. Kanuni ya wataalamu ni hii: sauti ya desibeli 80 unaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki bila kudhurika, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, saa hizo zinakatwa nusu. Ukifika 83 unabaki na saa 20. Ukifika 92 unabaki na saa mbili na nusu, kwa wiki nzima. Msagaji anazimaliza saa hizo kabla ya chakula cha mchana cha Jumatatu. Vivyo hivyo mchomeleaji vyuma wa Tororo, mpasua mawe, kijana anayeuza muziki sokoni Busia akiwa amekaa mbele ya spika tangu asubuhi, na dereva anayeshinda kwenye foleni ya malori pale Malaba.

Kelele hailiui sikio kwa mkupuo. Inaanza na sauti nyembamba za juu: ndege, simu inayolia chumba cha pili, sauti za watoto. Baadaye inachukua herufi zenye upepo, kama s, f na t, na hapo ndipo mtu anaanza kusema nasikia sauti ila maneno siyashiki. Mteja akisema kilo sita mimi nilishika kilo tisa. Nikaanza kuwaomba waoneshe kwa vidole. Jioni, tukikaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, wazee wakiongea kwa mpigo, nilikuwa nacheka wenzangu wanapocheka. Mke wangu aliona kabla yangu. Akasema, "Mzee, siku hizi hujibu mpaka nikuguse." Ukiona mtu aliyekuwa mzungumzaji amekuwa mpole ghafla katika umri wa miaka hamsini na kitu, usikimbilie kusema amekomaa. Muulize juu ya masikio yake.

Nilipimwa Mbale, kilomita 45 hivi kutoka Tororo mjini, na kutoka Mulanda kuna safari nyingine ya bodaboda kabla ya hiyo. Ukienda, jambo la kwanza ni maswali. Ulianza lini, ni sikio moja au yote mawili, kuna mlio wa ndani, kuna kizunguzungu, umewahi kutokwa usaha, umewahi kutibiwa kifua kikuu, ulitumia dawa gani, kazi yako ni ipi. Jibu kwa ukweli na usione ni porojo, maana nusu ya ugonjwa hujulikana hapo. Kama usikivu ulipotea ghafla, kwa siku moja au tatu, sema hivyo tangu mlangoni. Hiyo ni dharura, dawa yake hutakiwa mapema, na kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kupona. Sikio moja likipungua bila jingine nalo linahitaji kuchunguzwa zaidi.

Kisha unatazamwa kwa tochi ndogo yenye ncha nyembamba, sikio likivutwa kidogo nyuma na juu. Mpimaji anatafuta nta, mdudu, tundu kwenye ngoma ya sikio, usaha, majimaji. Wengine safari yao inaishia hapo kwa furaha, kwa kuwa nta ilikuwa imejaa na kuziba, ikalainishwa na kutolewa, wakarudi nyumbani wanasikia. Nta yenyewe si uchafu, ni kinga ya sikio. Njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba, ufunguo wa pikipiki na unyoya wa kuku huisukuma ndani zaidi, na siku nyingine huitoboa ngoma.

Baada ya hapo nilipigiwa uma wa chuma unaotetema, ukawekwa kwenye paji la uso, kisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha mbele ya tundu la sikio. Ni kipimo cha zamani na cha bei ndogo, na kinaweza kutofautisha kama tatizo liko njiani au liko ndani kabisa. Sijui kwa nini kila kituo cha afya kisiwe na uma mmoja kwenye droo.

Halafu chumba chenyewe. Ni chumba kidogo kilichozibwa kelele, unakaa kwenye kiti, unavishwa spika masikioni na kupewa kitufe mkononi. Unasikilizishwa milio, mmoja mmoja, sikio moja kwanza. Mingine ni mizito kama ngurumo ya mbali, mingine myembamba kama ya mbu, tangu hezi 250 hadi 8,000. Kila mlio unashushwa mpaka usiusikie, kisha unapandishwa mpaka uusikie tena. Kazi yako ni kubonyeza kila unapousikia, hata ukiwa hafifu kiasi cha kuutilia shaka. Hapa watu wazima huhangaika bure, hasa wanaume. Wanataka kufaulu. Wanabonyeza kwa kukisia, au wanajaribu kumsoma mpimaji usoni kupitia kioo. Kipimo hiki hakina kufaulu wala kufeli, na ukikisia unajidanganya mwenyewe, kwa sababu kifaa utakachopewa kitatengenezwa kwa namba ulizozibuni. Hakiumi. Kinachukua kama nusu saa. Mwishoni unavishwa kitu kidogo kinachobana mfupa wa nyuma ya sikio, na milio inarudiwa ikipitia mfupani badala ya hewani.

Kunaweza kuwa na kipimo cha upepo, ambapo kizibo laini kinawekwa sikioni na unahisi msukumo kama ule wa kupanda mlima kwa gari. Na kuna kipimo cha maneno: unasomewa neno kwa sauti ya chini na wewe unalirudia. Ukisomewa maneno ya Kiingereza na Kiingereza hukusoma, sema. Omba Kiswahili, omba Dhopadhola, omba lugha unayoiota. Bibi wa Mulanda akishindwa kurudia neno ambalo hajawahi kulisikia maishani, karatasi itaandika uziwi ambao hana.

Matokeo huchorwa kwenye chati. Duara jekundu ni sikio la kulia, msalaba wa buluu ni la kushoto, na kadiri alama zinavyoshuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Usiondoke bila kuoneshwa chati yako na kuelezwa. Yangu inaenda tambarare, halafu kwenye hezi 4,000 inadondoka na kupanda kidogo tena baada ya hapo. Mpimaji aliitazama akaniuliza, bila kunijua, kama nafanya kazi na mashine. Hiyo ni alama ya kelele. Kama milio ya mfupani inasikika vizuri kuliko ya hewani, tatizo liko njiani: nta, majimaji, tundu, mifupa midogo iliyokwama. Mengi ya hayo hutibika kwa dawa au kwa upasuaji. Kama yote mawili yameshuka pamoja, tatizo liko sikio la ndani, na hapo inabidi mtu aambiwe ukweli mapema: hakuna tone wala kidonge kinachorudisha usikivu uliopotea kwa kelele au kwa umri. Nasema hivi kwa sababu kuna matone yanauzwa kwenye mabasi na masoko ya mpakani kwa ahadi ya kufungua masikio yote, na nimeona watu wakiuza kuku kuyanunua mwezi baada ya mwezi.

Nilitajiwa bei ya kifaa cha kusikia iliyokaribia ng'ombe wawili, kwa sikio moja. Nilikipata baada ya mavuno mawili, kwa msaada wa wanangu. Ningependa kila anayekingojea ajue wiki za kwanza zitakuwaje, kwa kuwa watu wengi hukivua siku ya tatu na hawakirudii. Kitu cha kwanza utakachokisikia ni kelele: nyayo zako mwenyewe, sufuria, mvua kwenye bati, mtu anayetafuna pembeni yako. Ubongo uliokuwa umesahau sauti hizo unahitaji muda wa kujifunza tena kuzipuuza. Anza saa moja au mbili ndani ya nyumba, na mtu mmoja anayeongea nawe taratibu. Ongeza siku kwa siku. Sokoni na kanisani nenda mwisho. Utachoka jioni, na kichwa kitauma kidogo. Baada ya wiki kadhaa unarudi kwa mpimaji akirekebishe, na ukirudi na orodha ya sehemu zilizokushinda atajua pa kupandisha na pa kushusha. Sehemu inayoingia sikioni ikikuumiza au ikipiga mluzi, maana yake haijakaa sawasawa. Kwa mtoto sehemu hiyo hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu sikio linakua.

Kuzungumza kuzunguka chungu bado ni kugumu kwangu hata nikiwa nacho. Kifaa hukuza sauti, hakirudishi sikio la ujana. Kwa hiyo nusu ya kazi ni ya watu wa nyumbani, na hii haiandikwi kwenye karatasi ya hospitali. Niite jina kwanza nikugeukie. Ongea ukiwa mbele yangu, mwanga ukiwa usoni kwako. Usipige kelele, kwa sababu kelele huvuruga maneno. Ongea polepole kidogo. Nikisema sijashika, sema kwa maneno mengine, na usiniambie "basi, acha". Neno hilo linauma kuliko uziwi wenyewe. Mjukuu wangu wa miaka saba amejifunza yote haya kuliko watu wazima, na ndiye ninayemwita mkalimani wangu kwa wateja.

Na betri. Hapa ndipo hoja yangu inaanza kukaza. Betri za vifaa hivi ni ndogo kama kitufe cha shati. Ukibandua karatasi yake hewa inaingia na inaanza kufanya kazi, na hata ukikizima kifaa itaendelea kuisha. Hudumu wiki moja, mbili zikizidi. Huko Kampala na Nairobi utazipata. Mulanda sijaziona dukani. Pia kuna jasho, vumbi, na kwangu mimi unga. Mrija mdogo wa kifaa huziba kwa nta na kugeuka njano. Mtu wa mjini anaingia kliniki mchana mmoja, anabadilishiwa, anaenda zake. Sisi tunasubiri mtu mwenye safari.

Ndiyo maana siridhiki na kambi za siku moja. Najua wafadhili huja kwa moyo mwema, na siku ile ni siku ya machozi ya furaha: mama anamsikia mtoto, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa. Mimi nafuatilia mwaka unaofuata. Ninawajua watu wa sehemu hizi ambao vifaa vyao viko kwenye sanduku la nguo pamoja na vyeti vya ubatizo, salama kabisa, vimekufa kwa kukosa betri ya bei ndogo na mtu wa kuvisafisha. Mgonjwa wa presha hapewi vidonge vya mwezi mmoja na kuambiwa kwaheri. Masikio nayo ni ugonjwa wa miaka, yanataka mtu yuleyule, mlango uleule, na siku inayojulikana.

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi, na kwao wilaya ya Tororo ina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliohesabu mbu wa hapa walipata kwamba mtu mmoja wa Tororo alikuwa anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Nagongera, jirani zetu, imejulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Upuliziaji wa dawa majumbani ulianza Desemba 2014 na ukapunguza sana homa, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshapita katika moto huo. Malaria ikipanda kichwani, mtoto anaweza kupona na kuamka bila kusikia vizuri au akiwa amerudi nyuma katika kusema. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wameandika sana juu ya watoto wa namna hiyo. Kwinini tuliyochomwa sote ilitupa mlio masikioni, ambao kwa kawaida huisha, na tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri watoto wenye malaria kali watibiwe kwa sindano ya artesuneti badala yake. Jentamaisini, ambayo huokoa vichanga wengi, inaweza kuua chembe za sikio la ndani zisirudi tena. Kanamaisini ya kifua kikuu sugu iliwaacha watu wengi viziwi mpaka shirika hilohilo lilipoacha kuipendekeza mwaka 2018. Sisemi dawa hizi zikataliwe. Mtoto aliye hai na asiyesikia ni bora mara elfu kuliko kaburi. Nasema kila mtoto aliyetoka kwenye malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo au sindano nzito za utotoni apimwe masikio kabla hajaenda darasani kuitwa mzito wa kichwa.

Kumpima mtoto kunawezekana hata akiwa hajui kusema. Kichanga huwekewa kizibo laini sikioni akiwa amelala, mashine inapeleka milio na kusikiliza mwitikio wa sikio lenyewe. Mtoto wa miaka mitatu au minne hufundishwa mchezo: kila akisikia mlio atumbukize kitu ndani ya kopo. Punje za mahindi zinatosha. Mama akae nyuma yake na asimtekenye wala kumwonesha kwa macho.

Halafu kuna usaha. Pita kwenye shule yoyote ya msingi ya huku, utaona mtoto mwenye inzi sikioni. Wazazi wameshazoea, wanasema litakauka akikua. Wengine wanatia mafuta ya taa, utomvu wa majani, mkojo, maziwa ya mama. Acheni, ndugu zangu. Sikio linalotoka usaha linataka kukaushwa: kitambaa safi cha pamba kinasokotwa kuwa utambi, kinaingizwa taratibu, kinaachwa kinyonye, kinatolewa kikiwa kimelowa, kinawekwa kipya mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Kisha matone ya antibiotiki aliyoandika mhudumu, kwa wiki mbili. Mtoto asiogelee mtoni mpaka pakauke. Maumivu makali, uvimbe nyuma ya sikio au homa vikiongezeka, ni hospitali siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya tiba hii ni kitambaa na uvumilivu, na inaokoa masikio na siku nyingine uhai, maana usaha hupanda hadi kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Chanjo ya rubela ni mojawapo, kwa sababu rubela ikimpata mjamzito mtoto huweza kuzaliwa kiziwi. Kenya iliianzisha mwaka 2016, Uganda ikafuata 2019.

Wapo watoto ambao kifaa hakitawafaa kabisa. Wazazi wao wasipotezwe miaka wakizungushwa kwenye maombezi na waganga, kwa sababu lugha hujengwa miaka ya mwanzo, na mtoto asiyepata lugha yoyote mpaka anapofika umri wa shule amenyimwa kitu kikubwa kuliko sauti. Lugha ya alama ni lugha kamili. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka iendelezwe, na mwaka mmoja tu baadaye Alex Ndeezi aliingia bungeni Kampala akiwa mbunge wa kwanza kiziwi barani Afrika. Ng'ambo ya mpaka, katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya kuwa mojawapo ya lugha za bunge. Kwa upande wetu huu wa mashariki kuna shule ya viziwi Ngora na kuna sekondari yao Mbale. Mtoto kama huyo akizaliwa katika ukoo wetu, baba na mama na babu tujifunze alama pamoja naye, tusimwache aongee na kuta.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kituo cha afya wakati mwingine hukosa hata dawa za kawaida, na mimi nadai mashine ya masikio. Nimelifikiria sana jibu hilo. Mama asiyesikia anapoambiwa vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni atameza alivyobahatisha. Mzee asiyesikia jina lake likiitwa dirishani anarudi nyumbani bila kutibiwa, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Kutosikia kunaharibu tiba zote nyingine mlizokwisha kuzilipia.

Wala si gharama ya kutisha. Ripoti ya dunia juu ya usikivu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilipiga hesabu kwamba kuingiza matunzo ya masikio katika huduma za kawaida kungehitaji chini ya dola 1.40 kwa mtu kwa mwaka, na kwamba kila dola ingerudisha karibu dola 16 katika miaka kumi. Ripoti hiyohiyo inasema watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma hii, na kwamba nchi 78 katika kila 100 zenye kipato cha chini zina daktari wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni. Tukisubiri daktari bingwa aje kukaa Mulanda tutazeeka na kufa. Shirika hilo lenyewe limeliona, na Machi 2024 lilitoa mwongozo unaoonesha jinsi wahudumu wasio mabingwa, wakifunzwa vizuri, wanavyoweza kupima na kuvisha watu wazima vifaa vya kusikia. Kule Pretoria, profesa De Wet Swanepoel na wenzake walitengeneza kipimo cha masikio kinachotumia simu na spika za masikioni, kikapelekwa nyumba kwa nyumba na wahudumu wa jamii. Uganda tunazo timu za afya za vijiji tangu 2001. Kenya mwaka 2023 iliwagawia wahudumu wake wa jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mkoba uleule ungeweza kubeba tochi ya sikio na simu moja.

Kituo cha afya cha daraja la nne nchini Uganda, kama hiki chetu, kimepangiwa kuhudumia watu 100,000 hivi, kiwe na daktari na chumba cha upasuaji. Kwa Mulanda nadai vitu vichache, na nawataka madiwani wa Tororo waviingize kwenye bajeti ijayo kwa majina yake: mashine moja ya kupimia usikivu na chumba kimoja kilicho mbali na barabara, muuguzi au afisa mmoja wa kliniki apelekwe kusomea kazi hii na arudi, na asihamishwe kabla hajamfunza mwingine, namba za masikio ziandikwe kwenye kitabu kilekile cha mgonjwa, chini ya presha, ili mtu wetu akivuka kwenda kutibiwa Busia upande wa Kenya, au Mteso wa kule akija kwetu, mhudumu azikute. Watoto wapimwe siku za chanjo na siku ya kuanza shule. Wasagaji, wachomeleaji na madereva wapimwe kila mwaka, nami niko tayari kuwakusanya wenzangu wa mashine za kusaga kuanzia Iyolwa mpaka Nagongera siku yoyote nitakayopewa. Tumeshaanza kujinunulia vikinga masikio, vile vikubwa vya kufunika sikio lote, na vijana wanaonisaidia hawaingii kwenye mashine bila kuvivaa.

Na betri ziwekwe kwenye kabati la dawa la kituo, saizi zote, ziuzwe kwa bei ziliyonunuliwa, siku ileile watu wa presha na sukari wanapokuja kuchukua vidonge vyao.